Kisima kirefu si lazima kiwe salama

*Akheri na matabaka ya maji yaliyolala chini ya Mlima Meru*

Mtambo wa kuchimba visima ukishaegeshwa kati ya migomba na mibuni ya Akheri, watu hujaa. Watoto huvutwa na kelele, majirani huja kushuhudia kama maji yatatoka, na mwenye shamba husimama karibu na mafundi akihesabu mabomba yanavyozama.

Ni wachache wanaomwangalia kijana aliyechuchumaa pembeni na koleo. Kazi yake ni kukinga vumbi na kokoto zinazorushwa kutoka shimoni na kuzipanga chini kwa mfuatano, fungu kwa fungu kama nyanya za soko la Tengeru, kila fungu kwa mita chache za kina. La kwanza ni udongo mwekundu wa shambani. Linafuata jivu la kijivu, kavu. Kisha mwamba mweusi wenye vitundu, kisha tope lililoganda likiwa na mawe ya kila ukubwa ndani yake, kisha mchanga, kisha mwamba tena.

Mafungu hayo ndiyo historia nzima ya kisima. Yanaeleza maji yamekaa wapi, yamefunikwa na nini, na yamepita kwenye mawe gani kabla ya kufika hapo. Mtambo ukiondoka, hukanyagwa na magurudumu; masika yakija, hurudi kuwa udongo. Mwenye shamba hubaki na mambo mawili: idadi ya mita alizolipia na makisio ya lita kwa saa.

Kuhusu tabaka lililotoa maji hayo, mara nyingi hana hata karatasi moja mkononi. Na katika nchi ya Meru, tabaka ndilo linaloamua kama mtoto atakayeyanywa atakuwa na meno meupe au ya kahawia, na kama magoti yake yatanyooka au yatapinda.

Mlima mmoja, maji ya namna nyingi

Akheri iko kwenye mteremko wa kusini wa Meru, juu kidogo ya Tengeru na barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Upande huu hupokea upepo wenye mvua kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana kuna migomba, kahawa na mifereji, na pale chini Ziwa Duluti limejikusanya ndani ya kasoko ya volkano. Ukizunguka mlima hadi Ngarenanyuki, kaskazini, mvua ni haba na ng'ombe hutafuta malisho kwenye vumbi.

Wameru wanazijua pande zote mbili, na upande wa kaskazini wanaujua kwa uchungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Kesi ile imeandikwa sana kama kesi ya ardhi, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ardhi iliyopiganiwa kwa heshima kubwa namna ile inapitiwa na mto wenye floraidi nyingi mno, na vizazi vinavyoishi huko leo bado vinalipa kwa mifupa yao.

Mwaka 1984 wanajiolojia, wakiwamo J. T. Nanyaro na U. Aswathanarayana, walichapisha vipimo vya maji yanayoteremka kutoka Meru. Mito ilikuwa na miligramu 12 hadi 26 za floraidi kwa lita. Chemchemi zilikuwa na 15 hadi 63. Mabwawa na maziwa ya magadi, yakiwamo ya Momella, yalianzia 60 na kufika 690.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5.

Mwaka 2021 timu ya watafiti wa Tanzania na Ubelgiji, George Bennett akiwa mwandishi wa kwanza, ilitoa matokeo ya sampuli 175 za maji ya chini ya ardhi kutoka pande za mlima ambazo hazikuwa zimepimwa vya kutosha. Sampuli ya chini kabisa ilikuwa na miligramu 0.15, na ya juu kabisa 301. Asilimia 91 ya sampuli zilivuka 1.5.

> Sampuli ya chini kabisa: miligramu 0.15. Ya juu kabisa: 301. Mlima ni uleule.

Wengi wakisikia asilimia 91 huishia hapo na kukata tamaa. Mimi nimevutwa zaidi na umbali kati ya 0.15 na 301. Mlima unaotoa maji yanayotofautiana kiasi hicho una matabaka tofauti ndani yake, na matabaka hayo yanaweza kutambuliwa, kuchorwa na kutenganishwa.

Mateso ya kimya

Yeyote aliyekulia Maji ya Chai, Ngarenanyuki au King'ori anaijua alama ya floraidi bila kuelezwa. Meno huota na madoa meupe kama chaki, kisha hugeuka manjano, kisha kahawia. Dawa ya meno haiyaondoi, kwa sababu rangi imo ndani ya jino tangu lilipokuwa likijengwa, katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto. Ukiona jino la kahawia la mtu mzima, unaona maji aliyokunywa akiwa chekechea.

Mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Mtu akinywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu tatu hadi sita, dalili zinaweza kuanza kuonekana kwenye mifupa yake. Zikizidi kumi, uti wa mgongo na viungo vinaweza kukakamaa kiasi cha kulemaza. Watoto wengine hupinda miguu kabla hata hawajaanza shule.

Chakula nacho huongeza. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande katika nyumba nyingi za kaskazini hutoka kwenye ardhi ileile yenye chumvi za volkano, na hubeba floraidi yake hadi jikoni.

Serikali imekuwa ikivutana na jambo hili kwa miongo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu nane kwa maji ya vijijini, kwa sababu moja tu: kiwango kikali zaidi kingefunga vyanzo vingi bila kuwapo vingine. Baadaye kikashushwa hadi nne. Mwaka 2018 kiwango cha taifa kilishuka hadi 1.5, sawa na cha dunia. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ila siku ulipopita, visima vingi vilivyokuwa halali jana yake vikawa haramu bila maji yake kubadilika hata tone.

Somo la pwani

Ili kuelewa kilicho chini ya Akheri, inafaa kuanzia Dar es Salaam, kwa sababu kule ardhi imejipanga kwa utaratibu unaosomeka.

Chini ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam kuna mashapo ya uwanda wa pwani: mchanga, udongo wa mfinyanzi, mchanga tena. Wataalamu wamegawa maji yake katika matabaka mawili makuu. La juu ni mchanga ulio wazi. Mvua ikinyesha, maji huzama moja kwa moja ndani yake, na kina cha maji hupanda na kushuka na majira. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaopitisha maji kwa shida. Chini ya mfinyanzi kuna tabaka la pili la mchanga, lililofunikwa nusu, ambalo hupokea maji polepole na kuyashikilia kwa msukumo.

Mgawanyo huo si wa darasani tu. Baada ya ukame wa mwaka 1997 jiji lilichimba visima kwa kasi, vya umma na vya watu binafsi. Tabaka la juu likaonekana kuwa jepesi kuchafuliwa na vyoo vya shimo. La chini, karibu na bahari, likaonekana kuwa jepesi kuvuta maji ya chumvi pale pampu zinaponyonya kupita kiasi. Kila tabaka lina ugonjwa wake, na dawa ya moja haifai kwa jingine.

Zaidi ya hapo, kusini mwa jiji, kuanzia Kimbiji, kuna mashapo ya kale na mazito zaidi ambayo maji yake yako mamia ya mita chini. Novemba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, visima virefu vya Kigamboni, ndani ya mashapo hayo, vilizinduliwa vikiwa na uwezo wa lita milioni 70 kwa siku. Visima hivyo visingewekwa mahali pake kama watu hawangekuwa wameitenga kwanza Kimbiji kama tabaka tofauti na mchanga wa juu wa Temeke au Ilala.

Ukilinganisha na pwani, Meru ni vurugu. Bahari hutandika mashapo yake taratibu, tabaka juu ya tabaka. Volkano humwaga, hulipuka, huporomoka, kisha humwaga tena juu ya kifusi chake.

Mlima ulioanguka

Meru leo ina urefu wa mita 4,566, na mtu akiitazama kutoka mashariki huona kwamba ubavu wake mmoja haupo. Ubavu huo uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Kifusi kilisambaa hadi mbali kwenye nyanda za chini, kikaacha vilima vidogo vidogo na mabonde ambamo maziwa ya Momella yametulia. Tope la volkano, mchanganyiko wa majivu, mawe na maji, lilifuata mabonde ya mito. Mlipuko mdogo wa mwisho unaojulikana ulitokea mwaka 1910.

Kwa mtafuta maji, historia hiyo imeacha angalau aina nne za ardhi zinazopishana, kukatizana na kufunikana.

Kuna mitiririko ya lava iliyopasuka. Maji hupita kwenye nyufa zake kwa kasi, na mara nyingi chemchemi nzuri hutokea pale lava inapokalia kitu kisichopitisha maji. Kuna majivu na vijiwe vya volkano, vyepesi, vyenye vitundu, vinavyohifadhi maji mengi lakini vyenye kioo cha volkano kinachoyeyuka na kuachia floraidi. Kuna kifusi cha maporomoko na tope lililoganda, ambalo mara huzuia maji na mara huyapitisha, kutegemea lilivyosagika. Na chini kabisa ya mteremko, kuelekea Kikwe, Mbuguni na bonde la Mto Kikuletwa, kuna mashapo yaliyoletwa na mito na yaliyotuama kwenye maziwa ya kale. Hapo ndipo Meru inafanana kidogo na pwani, kwa mchanga na mfinyanzi wake.

Hali ya kufunikwa nayo inabadilika. Kuna maji yaliyo wazi, ambayo mvua ya mwaka huu huyafikia. Kuna maji yaliyofunikwa na mwamba au tope gumu, ambayo kisima kikiyatoboa hupanda juu ya pale yalipokutwa. Na kuna maji yaliyoning'inia: dimbwi dogo lililokalia tabaka gumu huku chini yake kukiwa kukavu, kabla ya kufikia maji makuu. Mchimbaji akilitoboa tabaka hilo bila kujua, anaweza kukausha kisima kifupi cha jirani kwa siku moja.

Floraidi hufuata mpangilio huo. Lava na majivu ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache. Maji yenye kalsiamu ya kutosha huikamata floraidi na kuigandisha. Maji ya Meru hayana uwezo huo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka na huzidi kadiri maji yanavyokaa ardhini. Mvua iliyoingia msituni juu na kutoka haraka kwenye nyufa za lava huwa nyepesi. Ileile ikisafiri polepole ndani ya majivu na tope hadi tambarare, hufika ikiwa imejaa.

> Maji ya Meru hayachafuki kwa kuwa chini sana. Yanachafuka kwa njia yaliyopita na muda yaliokaa humo.

Kati ya choo na volkano

Hapa ndipo ubishi wa Akheri na Tengeru unapoanza, na kila upande una sababu yake.

Upande wa kwanza husema: chimba kirefu. Imani hii ina msingi. Tengeru imejaa. Nyumba za kupanga, hosteli na maduka vimepanda hadi pembezoni mwa mashamba, na kila kiwanja kina choo cha shimo au shimo la maji taka. Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono hatua chache kutoka chooni ni hatari, na mzazi anayekikwepa yuko sahihi. Mchimbaji naye hulipwa kwa mita, kwa hiyo hana sababu ya kumzuia mteja anayetaka kushuka zaidi.

Upande wa pili ni wa wale waliokwisha kuona kisima cha mita nyingi kikitoa maji safi kwa macho, baridi, matamu, yenye floraidi mara kadhaa ya kiwango. Hao husema heri chemchemi ya juu na mfereji wa zamani.

Wote wawili wanabishana kuhusu kina, na kina pekee hakijibu swali. Visima viwili vya kina kimoja, kimoja kikinywa kwenye nyufa za lava na kingine kwenye majivu, vinaweza kutoa maji yasiyofanana hata kidogo. Na kisima kimoja kinaweza kunywa kwenye matabaka mawili kwa pamoja, kwa sababu ya jinsi kilivyovalishwa.

Ukishamaliza kuchimba, shimo huvalishwa mabomba. Mengine ni mazima, mengine yana matundu, na mafundi huyaita skrini. Mahali skrini inapowekwa ndipo kisima hunywa. Ikiwekwa mkabala na kila sehemu iliyoonyesha unyevu, lita kwa saa huongezeka na mteja hufurahi, lakini maji mema ya juu na maji mabaya ya chini huchanganyika ndani ya bomba moja, na hata pampu ikizimwa shimo lenyewe huwa njia ya kuyapeleka kutoka tabaka moja hadi jingine.

Njia ya uangalifu ipo. Fundi husimama kila anapokuta maji, huchukua chupa moja, huipima, huandika kina na aina ya mawe. Kisha huamua pa kuweka skrini na pa kuziba kwa saruji au mfinyanzi. Njia hii huchelewesha kazi, na mara nyingine humaanisha kumwambia mteja kwamba nusu ya mita alizolipia ni lazima zizibwe. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyeuza ng'ombe ili achimbe.

Mita 60 za kaskazini

Kwamba njia hiyo inafanya kazi, ushahidi upo upande mgumu zaidi wa mlima.

Mwaka 2010 watafiti wa Italia wakiongozwa na Giorgio Ghiglieri walichapisha kazi waliyoifanya kaskazini mwa Wilaya ya Arumeru, eneo la kilomita za mraba 440. Hawakuanza na mtambo. Walianza na ramani ya miamba, wakahesabu chemchemi, wakapima maji yake, wakatofautisha makundi manne ya miamba yenye maji, mengine yakiwa peke yake na mengine yakilaliana. Wakatafuta floraidi inatoka wapi hasa, na ni wapi maji ya mito yenye floraidi yanapenya kuyachafua maji ya chini ya ardhi.

Baada ya hapo wakapitisha umeme ardhini. Mwamba mkavu, mchanga wenye maji matamu na udongo wenye maji ya chumvi hupitisha umeme kwa viwango tofauti, kwa hiyo kutoka juu unaweza kukisia kilicho chini. Walitafuta tabaka lililo mahali ambapo floraidi haiwezi kulifikia.

Kisha wakachimba kisima kimoja. Kilikuwa cha mita 60, na kilitoa angalau lita 3.8 kwa sekunde za maji yenye floraidi kidogo, ya kunyweka. Kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya lita laki tatu, katika nchi ambayo mto wake haunyweki.

Nimerudia kuisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni mita 60 zile. Zilifikiwa kwa kuainisha kwanza na kuchimba baadaye. Ghiglieri baadaye aliongoza mradi mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, FLOWERED, uliohusisha Tanzania, Kenya na Ethiopia kuhusu floraidi ya Bonde la Ufa. Elimu ipo. Haijashuka hadi kwa kijana wa koleo.

Jiji linywe wapi?

Jiji la Arusha lilikua likinywa chemchemi na visima vya kusini mwa Meru. Kadiri watu walivyoongezeka, visima vilisukumwa kwa nguvu zaidi, na mamlaka ya maji ilizoea kuchanganya maji ya vyanzo vyenye floraidi nyingi na ya vyanzo vyenye kidogo ili kupunguza makali.

Suluhisho kubwa lilikuja na mradi wa Sh520 bilioni, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2015. Lengo lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Sehemu ya visima vyake virefu ilichimbwa ng'ambo ya tambarare, Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Ardhi ya upande ule inalishwa na Kilimanjaro, mlima ambao lava zake hazina laana ya floraidi kama za Meru. Kwa kifupi, Arusha iliamua kunywa mlima wa jirani.

Kwa jiji, huo ni uamuzi wenye akili. Kwa vijiji unaacha maswali. Bomba kubwa likipita barabarani, je, kaya za Akheri ya juu, ambazo ziko mwinuko tofauti na bado zinategemea chemchemi, mifereji na visima vya watu binafsi, zitafikiwa lini na kwa bei gani? Na maji yanayovutwa tambarare ni ya bonde moja na wakulima wa Kikuletwa, wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu na watu wote hadi Pangani mjini, mahali ambapo Mto Pangani hukutana na bahari.

Kuna pia mvutano wa huko juu mlimani. Utafiti wa 2021 ulipendekeza uchunguzi wa kina wa chemchemi zenye floraidi kidogo zilizo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mashariki na kaskazini magharibi mwa mlima, ambazo tayari zinanywewa na watu. Hapo ndipo maji bora ya Meru yalipo, na hapo ndipo nyati, twiga na msitu wanapoyahitaji. Ukiyafungia yote kwenye bomba, msitu unaovuta mvua utadhoofika. Ukiyaacha yote yateremke, yatapita kwenye majivu na kuharibika kabla ya kumfikia mtoto wa kwanza. Ni uamuzi mgumu, na unahitaji kupimwa kwa lita na kwa majira, chemchemi baada ya chemchemi.

Mifupa na vichujio

Wapo wanaosema tuache kutafuta tabaka jema, tusafishe tu lililopo. Meru ndiko Tanzania ilikojifunza kufanya hivyo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa moto uliodhibitiwa. Njia hiyo ni rahisi, inatumia mali iliyopo buchani, na inafanya kazi.

Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, chini tu ya Akheri, imeongeza yake. Askwar Hilonga, mhandisi wa taasisi hiyo, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa kichujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika.

Shida ya kichujio ni uchovu. Mkaa wa mifupa hujaa, na hauonyeshi kwa macho kwamba umejaa. Maji hutoka meupe vilevile huku floraidi ikipita. Ni lazima mtu apime, abadilishe, arudie, mwaka hadi mwaka, katika kila nyumba na kila shule. Na maji yenye miligramu 20 humaliza kichujio haraka kuliko yenye tatu. Kwa hiyo hata anayeamini vichujio anahitaji kujua tabaka lake lina nini.

Daftari liko wapi?

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kuwe na kibali cha kutumia maji ya chini ya ardhi, na mchimbaji awe na leseni na atunze kumbukumbu za kila kisima. Kwa Meru, kumbukumbu hizo huenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019, husimamia miradi ya vijiji.

Kwa hiyo, kwenye karatasi, kila fungu la kokoto la Akheri lilipaswa kuwa limeandikwa mahali fulani: mita ngapi, mawe gani, maji yalikutwa wapi, skrini ziko wapi, floraidi kiasi gani. Kumbukumbu mia moja za namna hiyo kutoka kata moja zingetosha kuchora ramani ya matabaka yake bila kutoboa shimo jipya hata moja.

Sioni sababu ya kumbukumbu hizo kukaa kwenye faili peke yake. Kisima ni cha mtu, lakini tabaka ni la wote wanaoishi juu yake, na anayechimba leo anahitaji kujua alichokikuta aliyechimba jana. Nakala ikae ofisi ya kijiji, pale mtu anapokwenda kuomba barua ya mtendaji, naye aonyeshwe kilichopatikana kwa majirani zake kabla hajalipia mita ya kwanza. Shule na zahanati zianze, kwa kuwa maji yake hunywewa na watoto wengi kwa pamoja.

Wachimbaji nao wanahitaji kulindwa. Anayesimama kupima kila tabaka hutumia muda na mafuta ambayo mshindani wake hatumii, na bei yake huonekana kubwa. Kipimo cha floraidi kikiwa sharti la kila mkataba, kabla ya mabomba kushushwa na si baada ya pampu kuwashwa, mwangalifu hatapoteza kazi kwa uangalifu wake.

Na mwenye shamba, mpaka hayo yatakapotimia, ana maswali manne anayoweza kuuliza mtambo ukiwa bado unanguruma. Maji ya kwanza yamekutwa mita ya ngapi, na ndani ya mawe gani? Yamepimwa? Skrini inawekwa wapi, na kwa nini hapo? Sehemu zilizoachwa zimezibwa kwa kitu gani?

Majibu yaandikwe, yasainiwe, na karatasi ihifadhiwe pamoja na hati ya shamba.